Salamu za Msimu wa Mvua

Jumanne, Juni 1, 1993

Mvua haijaanza, lakini kuta za ofisi zimeshaanza kutoa jasho. Leo mkuu wa idara, Bwana Tokunaga, alituita sote sita tunaosoma barua za wateja, akatuambia kampuni inamleta mwalimu kutoka Osaka atufundishe kusoma kwa kasi. Wiki saba. Barua kuhusu hita zetu za maji ya kuoga zimezidi, na kila moja inalala siku tisa kabla haijafunguliwa. Baada ya hapo akatoa lile alilokuwa amelibana: mwisho wa Julai idara itabaki na watu wanne. Wawili watakaokuwa mkiani kwenye jedwali la hesabu ya barua watahamishiwa ghala la Toyama.

Sote tukamtazama Bwana Kuwabara, halafu tukajifanya hatukumtazama.

Ana miaka hamsini na saba. Ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipoingia, miaka kumi na moja iliyopita. Anasoma barua ishirini na tano kwa siku, mimi hamsini. Anasoma midomo ikicheza, na akimaliza anairudia. Mkewe, Bi Fumi, figo zimekufa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima apelekwe hospitali kusafishwa damu, na anayempeleka ni yeye. Hawana mtoto. Kutoka hapa Kokura hadi Toyama ni mwendo wa siku nzima. Akihamishwa huyu, yule mama atabaki na nani?

Ijumaa, Juni 4

Mtu mmoja alimuuliza Bwana Kuwabara kama ana wasiwasi. Akasema ghalani hakuna barua, kuna maboksi, na boksi limeandikwa neno moja tu, hata yeye atalimaliza kabla ya chakula cha mchana. Tulicheka.

Jumatatu, Juni 7

Mwalimu amefika. Anaitwa Bi Nonomura, binti mdogo tu, viatu safi, sauti ya kutuliza. Amekuja na kidude cha kupigia mdundo, tik, tak, na macho yetu yanatakiwa yaruke kwa kila mlio. Hatusomi mistari tena. Tunapita kwenye ukurasa kwa mshazari, tunaokota maneno makubwa, tunaondoka.

Aliuliza barua zetu zikoje. Tukamweleza: mteja anaandika, sisi tunasoma, tunaandika pembeni la kufanywa, tunapiga muhuri wa jina letu chini. Barua ikitaja harufu, kuumwa kichwa au moto uliobadilika rangi, inaingia kwenye trei nyekundu na fundi anapigiwa simu siku hiyohiyo. Nyingine zote zinaweza kungoja.

Akachukua barua moja akatuonyesha. Nusu nzima ni salamu: mvua, maua ya uani, afya zenu, afya yangu. Kisha linakuja lile neno letu la kugeuzia habari, "haya sasa", na hapo ndipo shida ya mtu inapoanza. Bi Nonomura akasema tuanzie hapo. Salamu zote ni zilezile, akasema, mtu hakosi kitu akiziruka.

Nilijaribu. Barua nane kwa dakika kumi. Siwezi kudanganya, nilifurahi mno. Ilikuwa kama kuvua viatu vinavyobana.

Jumanne, Juni 8

Mvua imeanza.

Alhamisi, Juni 10

Barua 71. Wa kwanza kwenye jedwali ni mimi. Bwana Tokunaga alinipigia makofi mbele ya watu. Bwana Kuwabara, 24.

Ili kumzuia asicheze midomo, Bi Nonomura alimpa penseli aibane kwa midomo wakati wa kusoma. Alikaa hivyo saa nzima, mtu mzima mwenye mvi, mate yakimchuruzika kidevuni, akijifuta kwa leso. Sikumhurumia vya kutosha leo. Moyoni nilikuwa nasema, kaza basi mzee, si jambo kubwa hili. Naandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Jumatatu, Juni 14

Mvua. 88.

Jumatano, Juni 16

Mvua. Soksi hazikauki. Saa tisa Bwana Kuwabara aliondoka kumpeleka mkewe, akaacha barua arobaini mezani. Jedwali lilikuwa limebandikwa mlangoni, jina lake liko chini kabisa, na la juu yake limemzidi kwa mbali. Nilimfuata kwenye ngazi nikamwambia aniachie barua zake, nitazisoma, nipige muhuri wake.

Alikasirika kidogo. Akaniambia muhuri si mwavuli, Bi Mizoguchi, hauazimwi. Nikamwambia Bi Fumi hawezi kuishi Toyama. Akasimama pale ngazini mwavuli mkononi, maji yakidondoka kwenye viatu vyake. Kisha akautoa muhuri mfukoni, kijiti kidogo cha mbao chenye jina lake, akanipa kwa mikono miwili.

Barua zake nilizimaliza kwa muda mfupi kuliko anaotumia kunywa chai.

Alhamisi, Juni 17

Aliona nimezipiga muhuri zote. Alinishukuru. Kisha akachukua moja akaanza kuisoma upya, taratibu, midomo ikicheza. Nikamnong'oneza aache, ataharibu. Akaacha.

Jumatatu, Juni 21

Sasa imekuwa desturi. Kila siku barua thelathini za kwake napiga mimi. Anapanda. Leo ni wa nne.

Jambo moja limenikera. Barua zinazoanza kwa "samahani kwa kuandika tena" zimekuwa nyingi. Mtu aliuliza mambo mawili, tukamjibu moja. Mwingine aliomba fundi aje Jumapili, tukampeleka Jumanne, nyumbani hakuna mtu. Leo peke yangu nimekuta saba. Nilimwambia Bwana Tokunaga. Akaniuliza, hizo si barua? Nikasema ni barua. Basi, akasema, na zenyewe zihesabiwe.

Alhamisi, Juni 24

Mvua tu. 118, na thelathini za Bwana Kuwabara. Nilinunua samaki, nikamchoma, akaungua.

Ijumaa, Juni 25

Bi Fumi ametutumia matunda. Ni plamu za chumvi, alizitengeneza mwenyewe mwaka jana. Kali kiasi cha kukutoa machozi. Bwana Kuwabara alinipa mtungi mzima, wengine akawapa mojamoja. Akasema mkewe ameuliza huyo Mizoguchi anapenda nini.

Jumatano, Juni 30

Nimegundua kitu kinachonitisha. Jioni nilifungua gazeti nikalifunga, na sikujua nilichosoma. Barua ya dada yangu kutoka Kumamoto nimeipitia kwa mshazari. Nilijua anataka nije kwenye ibada ya kumkumbuka Baba. Hali yake mwenyewe sikuijua mpaka niliporudia. Mtoto wake amelazwa.

Ijumaa, Julai 2

Jedwali la mwezi limetoka. Idara imesoma barua mara mbili na nusu ya zile za mwezi Mei. Ripoti imepelekwa makao makuu, na mimi nimetajwa kwa jina. Bwana Tokunaga alituletea keki.

Wakati wa mapumziko nilichukua daftari la kupokelea barua, nikahesabu. Karibu theluthi ya barua za Juni ni za watu walewale, wanaandika mara ya pili na ya tatu. Tumekimbia sana, na sehemu kubwa ya mbio hizo tulikuwa tunajizunguka. Nilimwonyesha Bwana Kuwabara. Akaangalia hesabu yangu kwa makini, akasema mimi na yeye tusile keki nyingi.

Lakini yeye ni wa tatu. Ikibaki hivi, Toyama haendi. Nikalifunga daftari nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza.

Alhamisi, Julai 8

Mvua. Kuvu kwenye kabati la nguo. 121.

Jumatano, Julai 14

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kama yalivyotokea.

Asubuhi saa nne simu ilipigwa kutoka kikosi cha zimamoto cha mji wa Yame. Bwana Tokunaga aliipokea akiwa amekaa, akainuka, akaanza kuinama kwa simu, mara ya kwanza kidogo, kisha mgongo wote. Juzi Jumatatu bibi mmoja, Ushijima Toyo, miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake, amekutwa na jirani amefariki bafuni. Hita ni ya kwetu. Haikuwa inaunguza gesi vizuri, hewa ya sumu ikajaa chumbani, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua. Waliuliza kama marehemu aliwahi kuwasiliana nasi. Sandukuni mwake wamekuta kishikio kipya cha kuwashia hita, kimo ndani ya bahasha yetu.

Faili likaletwa. Barua ilikuwa moja, imesomwa tarehe 24 Juni. Chini kuna muhuri mwekundu, Kuwabara.

Pembeni kuna maneno mawili ya penseli: tuma kishikio. Ni mwandiko wangu.

Nilijaribu kuikumbuka ile barua. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, nimesimama pale, na hakuna kitu. Karatasi nzuri ya kuandikia, yenye mistari ya kijani, wino wa brashi, na mimi sijawahi kuiona. Nimerudi kuangalia shajara hii niliandika nini siku ile. Niliandika samaki.

Bwana Tokunaga akaisoma kwa sauti. Hakuwa na haja ya kuisoma kwa sauti, nadhani alitafuta tu la kufanya. Aliisoma polepole, na nimeinakili baadaye:

"Mvua za mwaka huu hazina huruma, nami natumaini nyote mu wazima huko. Hapa kwetu maua ya uani yamechanua kwa wingi. Mimi ni mzima, isipokuwa kila nitokapo kuoga kichwa huniuma na miguu hulegea, lakini ni umri, na msimu huu hauna mzee asiyelalamika. Hita yenu imenitumikia miaka kumi na minne bila kunitia aibu. Siku hizi moto wake, nikiutazama kwenye kile kidirisha, umekuwa wa rangi ya chungwa, unapendeza sana jioni za mvua. Haya sasa, naona haya kuwasumbua kwa jambo dogo: kishikio cha kuwashia kimevunjika."

Kichwa, miguu, moto wa rangi ya chungwa. Yote matatu yalikuwa kwenye salamu. Aliona aibu kulalamika, akaisifu hita inayomuua. Mtu yeyote wa idara yetu, hata aliyeajiriwa jana, angesikia maneno hayo angerukia simu. Lakini lazima uyasome kwanza.

Bi Nonomura alikuwa mlangoni na kile kidude chake mkononi. Aligeuka akatoka.

"Muhuri ni wangu," Bwana Kuwabara akasema.

Nikafungua mdomo. Akanitazama, akatikisa kichwa mara moja tu, akamfuata Bwana Tokunaga ofisini kwake, mlango ukafungwa. Na mimi nikabaki nimesimama. Ningeweza kuusukuma ule mlango. Haukuwa na komeo.

Alhamisi, Julai 15

Nilimkuta Bwana Kuwabara ngazini. Nikamwambia nitasema ukweli. Akasema hukuniibia muhuri, nilikupa mwenyewe kwa mikono yangu, na nilipoanza kuzirudia ukaniambia niache, nikaacha, kwa sababu nilitaka kubaki. "Nilijua hazisomwi, Bi Mizoguchi. Nilijua kila siku."

Nikalia. Akanipa leso yake. Alisema pia kwamba Toyama sasa hatakwenda tena, kwa hiyo lile tulilolitaka tumelipata. Alijaribu kucheka, akashindwa.

Ijumaa, Julai 16

Nimeingia kwa Bwana Tokunaga nikafunga mlango. Nikamwambia: barua ile nilisoma mimi, mwandiko wa pembeni ni wangu, muhuri niliuazima, na nimekuwa nikiuazima tangu katikati ya Juni.

Akaanza kupanga penseli zake mezani.

"Sikukusikia," akasema.

Nikarudia. Akainua mkono. Akaniambia ripoti ya mafunzo imeshafika makao makuu, jina langu ndilo la kwanza, na idara nyingine tatu zinaanza mwezi ujao. Nikisema mimi ndiye, basi aliyekosea ni mwanafunzi bora wa mafunzo. Bwana Kuwabara ni msomaji wa polepole, kila mtu anajua, na karatasi inasema ni yeye. Familia imeshaambiwa.

"Yeye mwenyewe amekubali, dada. Wewe unataka nini zaidi?"

Hajawahi kuniita dada. Zamani nilikuwa namwona mtu shupavu. Leo nimemwona ni mwoga, na macho yake yalikuwa mekundu, hajalala tangu Jumatano. Nilimwambia kama hataki kusikia nitawaandikia makao makuu. Akasema niandike. Barua za kule, akasema, siku hizi nazo zinasomwa kwa kasi.

Jumatatu, Julai 19

Bwana Kuwabara ameacha kazi. Wameandika "kwa hiari". Alifuta meza yake kwa kitambaa, akamwinamia kila mtu. Miaka thelathini na tatu. Kwenye waraka uliozungushwa idarani imeandikwa kwamba tukio hili la kusikitisha limeonyesha jinsi mafunzo yanavyohitajika haraka kwa wasomaji ambao bado hawajayazoea. Sote tukaupiga muhuri kwamba tumeusoma. Na mimi nikaupiga.

Barua yangu kwa makao makuu nimeipeleka posta kwa rejesta. Haina salamu hata moja.

Jumatano, Julai 21

Mvua. Nimesoma 26. Nimegundua midomo yangu inacheza. Mbili zimeingia trei nyekundu, zote zilikuwa na neno kwenye salamu. Bwana Tokunaga alipita, akaona rundo langu, akaendelea na njia yake.

Bi Nonomura amerudi Osaka kabla ya muda wake. Aliniachia karatasi mezani, anaomba radhi. Kosa si lake peke yake. Nilifurahia sana kuruka.

Jumapili, Julai 25

Mvua bado, wanasema mwaka huu haina nia ya kwisha. Bwana Kuwabara alinipigia jana kuniambia anakwenda Yame kuomba radhi, kampuni imekataza lakini yeye si mtu wa kampuni tena. Nikamwambia nakwenda naye. Tulipanda treni, kisha basi katikati ya mashamba ya chai. Alivaa suti nyeusi na mimi nimevaa nyeusi. Njia nzima hatukuzungumza ila mara moja, aliponiuliza kama nimekula.

Nyumba ndogo, viatu vya bibi bado vipo mlangoni, vimeelekezwa nje. Binti yake, Bi Ritsuko, ni mtu wa makamo, amekuja kutoka Nagasaki kufungasha vitu. Hakutufukuza. Nilitamani atufukuze. Tuliwasha ubani mbele ya picha, tukainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, na Bwana Kuwabara akasema jina lake na kwamba barua ilipita mikononi mwake. Nikataka kusema. Sauti haikutoka. Nimeisafirisha sauti hiyo kutoka Kokura kwa ajili ya jambo moja tu, na haikutoka.

Bi Ritsuko akatumiminia chai. Alitueleza habari za mama yake kama mtu anayezungumza na wageni wa kawaida. Mama alikuwa mwoga wa kusumbua watu. Alitaka kupiga simu kuhusu kile kishikio, akaona atawapotezea muda wafanyakazi, akaona afadhali aandike. Aliiandika mara tatu. Nakala mbili za kwanza ziko hapa, akasema, akafungua droo akatuonyesha. Karatasi za mistari ya kijani.

"Mkono ulikuwa umeanza kumtetemeka," akasema. "Alinipigia simu siku aliyoipeleka posta. Hakuwa na wasiwasi wa kingine chochote, aliogopa tu kwamba mwandiko wake hautasomeka." Akamgeukia Bwana Kuwabara. "Samahani kuuliza. Ulisomeka?"

Bwana Kuwabara akashusha kikombe. Niliona anatafuta jibu, anatafuta kwa ajili yangu, kama alivyofanya tangu mwanzo. Safari hii sauti ikatoka.

"Ulisomeka," nikasema. "Barua ya mama yako ilikuwa mikononi mwangu, si mwake. Muhuri wake nilikuwa nimeuazima. Mwandiko ulikuwa safi, kila neno lilisomeka. Mimi ndiye sikuyasoma."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Bi Ritsuko alinitazama, sikuinamisha uso. Kisha akazirudisha zile nakala mbili kwenye droo, akaifunga, akaweka mikono yake kwenye mkeka, akaniinamia, akanishukuru kwa niaba ya mama yake kwamba mwandiko ulikuwa mzuri.